Mapacha wa Bububu na reli ya njia moja

Karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa skuli: Kurwa mkondo wa asubuhi, Doto mkondo wa mchana. Hapakuwa na nia mbaya ya mtu. Orodha ya watoto wa darasa la kwanza ilikuwa ndefu, ikakatwa katikati, na mkasi ukapita baina ya mabinti zangu wawili. Majina yao ya kwenye cheti nayaacha. Hapa Bububu, Unguja, kila mtu anawaita hivyo, Kurwa aliyetangulia kuzaliwa na Doto aliyemfuata.

Wazazi wa Unguja na Pemba wanaijua habari ya mikondo. Kwa miaka mingi skuli zetu nyingi zimekuwa na watoto wengi kuliko vyumba, kwa hiyo chumba kimoja husomesha zamu mbili: hawa wanatoka, wale wanaingia, na madawati hayapoi. Miaka hii zimejengwa skuli za ghorofa visiwa vyote viwili ili zamu hizo ziondoke, na kwangu hilo ni katika mambo mema kabisa tuliyofanyiwa. Ila skuli yetu ilikuwa bado haijafikiwa. Ukiwa na mtoto mmoja, mkondo ni habari ya kupanga saa za kupika na kufua tu. Ukiwa na mapacha waliogawiwa, ni jambo jengine.

Kurwa alikuwa akitoka asubuhi mapema, mwenzake bado amejifunika shuka. Adhuhuri anarudi, na Doto yuko mlangoni keshavaa ushungi wake mweupe, anangoja. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa wote wawili. Kurwa anakitoa mkobani, amekunja pembe ya ukurasa waliofikia, anamkabidhi Doto, na Doto anaondoka. Hapo kizingitini ndipo walipokuwa wakionana mchana kutwa. Doto akirudi jioni, Kurwa yuko chuoni anasoma Kurani, maana wa mkondo wa asubuhi huenda chuo alasiri na wa mchana huenda chuo asubuhi. Watoto waliolala tumbo moja wakawa wanakutana usiku, wote wawili wamechoka.

Doto akaacha kunywa chai. Hakulia wala hakudai kitu. Alikuwa akikaa barazani na kuniuliza, "Mama, saa hizi Kurwa anafanya nini?" Nikimjibu kuwa anasoma, hanyamazi muda mrefu, anauliza tena. Kurwa naye akirudi hanielezi lolote la skuli. Habari zake zote alikuwa akiziweka za usiku, za mwenzake. Ndiyo maana nilipoanza kuwasimulia hadithi ya treni, niliianza usiku. Nilitaka wapate kitu kimoja ambacho wanakisikia kwa mara ya kwanza wakiwa pamoja, asiwepo wa kumsimulia mwenziwe.

Reli yenyewe sikuibuni. Barabara yetu hii inayopita daladala za 502 ilikuwa na treni. Kampuni ya Wamarekani, Arnold, Cheney and Company, ilipata ruhusa ya kuijenga, na mwaka 1905 treni za mvuke zikaanza kwenda baina ya Ngome Kongwe na Bububu, maili saba, kama kilomita 11. Zilikuwa zikipita Darajani, katikati ya watu na biashara zao, ndipo zikashika njia ya shamba. Serikali iliinunua reli ile mwaka 1911, na kufika miaka ya 1920 magari na barabara nzuri vikaichukulia abiria wake, ikafa. Na kabla ya hiyo, Sultani Barghash alikuwa na reli yake ndogo kutoka mjini mpaka kasri lake la Chukwani. Mabehewa yalikokotwa kwanza na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, halafu kikaletwa kichwa kidogo cha treni cha mvuke. Alipofariki mwaka 1888 nayo ikaachwa. Mombasa na Tanga zilikuwa bado hazijawekewa reli wakati ule. Naona ni dhuluma kwa watoto wetu kupita kila siku juu ya historia hii bila kuambiwa.

Mapacha wa hadithi ndio niliowaleta mimi. Vichwa viwili vilivyoundwa kiwanda kimoja, vikapakiwa meli moja, vikashushwa bandarini Unguja kwenye reli mpya ambayo haina anayewajua. Wanangu wakavipa majina yao wenyewe hapo hapo. Msimamizi wa reli akatazama daftari lake, akaamuru Kurwa alale Ngome Kongwe na Doto alale Bububu, kila mmoja aanze safari zake kutoka upande wake.

"Watakutana wapi?" Doto akauliza.

Nilikuwa na hamu ya kumjibu jambo zuri, lakini reli ina kanuni zake na sikutaka kumdanganya. Njia ilikuwa moja. Treni mbili zikija uso kwa uso kwenye njia moja ni msiba, kwa hiyo katika reli nyingi za namna hiyo dereva haingii kwenye kipande cha njia mpaka akabidhiwe kijiti maalumu, na kila kipande kina kijiti kimoja tu. Asiye nacho hang'oki. Zikitaka kupishana, hupishana mahali palipowekwa njia mbili sambamba. Hii inasimama, ile inapita taratibu, kijiti kinatoka mkono huu kwenda mkono ule, kila moja inaendelea na safari yake.

Doto akakaa kitako kitandani. "Kama kitabu chetu," akasema.

Usiku ule sikulala mapema. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameona kwa uwazi kuliko mimi hali tuliyomuwekea: njia moja, mahali pamoja pa kupishana, na kitu kimoja kinachopita mikononi. Nikaazimia mambo mawili. La kwanza, hadithi iendelee mpaka vichwa vile viwe pamoja kwa sababu ya kweli, si kwa muujiza. La pili, niende skuli.

Maswali ya treni yalinizidi upesi. Kwa bahati nina mjomba, sasa mtu mzima sana, ambaye ujana wake aliumalizia Mombasa katika reli ya Afrika Mashariki, mpaka shirika lilipovunjika mwaka 1977. Kazi yake ilikuwa kuangalia moto na maji ndani ya vichwa vya mvuke. Huja kula kwetu akitoka kuswali Ijumaa. Watoto wakamkalisha mkekani kabla hata hajamaliza kunawa mikono. "Babu, vichwa viwili vinaweza kuvuta treni moja?"

"Vinaweza, na vinafungwa hasa pale mzigo unapokishinda kimoja," akasema, akaomba maboksi mawili ya kibiriti na uzi. Akayafunga moja nyuma ya jengine, na nyuma yake akafunga kopo la maziwa lililojaa mchele. Kwanza akavuta boksi la mbele kwa nguvu, ghafla. Uzi ukakatika. Akaufunga upya, safari hii akavuta polepole mpaka uzi wote ukakazana, kutoka boksi hadi boksi hadi kopo, ndipo akaongeza nguvu. Kopo likaja. "Umeona? Wa mbele akiondoka kwa pupa anakata kiungio. Lazima kwanza ulegevu wote uishe."

Halafu akawaeleza mambo ambayo mimi nimeyashika mpaka leo. Vichwa viwili vikifungwa pamoja, kila kimoja kina moto wake, boila lake la kutoa mvuke, maji yake, dereva wake. Hakuna kinachounganisha magurudumu yao, kilichopo ni kiungio tu. Dereva wa mbele ndiye anayeona njia na ishara, na breki ya treni nzima iko mkononi mwake. Wa nyuma moshi wa mwenziwe humziba macho, kwa hiyo hutegemea sikio: wa mbele hupiga honi, wa nyuma hujibu kwa honi, ndipo wote wawili hufungulia mvuke kidogo kidogo. Magurudumu ya mmoja yakiteleza kwenye chuma kilicholowa, hupunguza mvuke, humwaga mchanga mbele ya magurudumu yake, na mwenziwe hushikilia mzigo mpaka atulie.

"Na sauti zao?" Kurwa akauliza. Yeye alikuwa tayari anaigiza, chaf, chaf, chaf, na mkono wake unazunguka.

"Sauti huanza pamoja," mjomba akasema. "Baada ya muda moja inaitangulia nyingine, zinapishana, kisha zinakutana tena. Hata vitoke kiwanda kimoja siku moja, magurudumu hayaliki sawa. Moja limekwisha kidogo zaidi, basi linazunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule. Ukikaa ndani unasikia zinavyoachana na kurudiana njia nzima. Na treni inakwenda vizuri tu."

Kurwa hakuridhika. Yeye ni mtoto wa kutaka jambo liishe. Akasema, ikiwa havitaki kuachana, kwa nini wasiviunde kuwa kitu kimoja? Mjomba akafurahi kweli, macho yakamtoka. Akasema vilikuwepo, na yeye amevifanyia kazi: vichwa vya aina ya Garratt, vya daraja la 59, vilivyoundwa na Beyer, Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950. Vilikuwa 34 na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252. Mbele kina seti yake ya magurudumu na silinda, nyuma kina seti nyingine ya magurudumu na silinda, na katikati yao limening'inia boila moja kubwa linalolisha pande zote mbili. Ndivyo vilivyopandisha mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na anayetaka kukiona leo, kimoja kiitwacho Mount Gelai kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi.

Doto alikuwa kimya muda wote huo. Akasema, "Lakini huyo si mapacha, Babu. Huyo ni mmoja."

"Kweli, mjukuu wangu. Moto wao mmoja. Ukizimika, mbele na nyuma zimekufa pamoja."

Kila aliyelea mapacha amezungukwa na makundi mawili ya washauri. Wa kwanza wanakwambia watenganishe mapema, kila mtu apate akili yake. Wa pili wanakwambia ukiwatenganisha wataugua, wavalishe sawa, wakalishe dawati moja, walishe sahani moja. Nimeyasikia yote mawili tangu wako kwenye kanga ya mgongoni, kutoka kwa watu wanaotupenda kwa dhati. Siku ile mkekani nikajua ninataka nini kwa wanangu, na nikakijua kwa undani wa kuweza kukieleza mbele ya mwalimu: sitaki wawe kwenye ncha mbili za njia, na sitaki washiriki boila. Nataka wafungwe pamoja, kila mmoja na moto wake.

Na nilikuwa na sababu. Kurwa ni mwepesi wa ulimi. Ukimtuma Doto dukani, Kurwa ndiye anayesema "sukari nusu kilo". Walipokuwa skuli ya maandalizi, mwalimu akimuuliza Doto, mdomo unaofunguka ni wa Kurwa. Hakuwa akimdhulumu, alikuwa akimsaidia kama alivyojua. Lakini kule mkondo wa mchana, peke yake, Doto alikuwa amelazimika kusimama na kusoma kwa sauti yake, na mwalimu wake akaniambia anasoma vizuri. Pamoja na huzuni yote ya zile asubuhi za barazani, hilo lilikuwa tunda, na sikutaka kulipoteza.

Nikamuomba mwalimu mkuu kitu ambacho kilimshangaza: mkondo mmoja, madarasa mbalimbali. Akaniambia wazazi wa mapacha humuomba dawati moja, na yeye huwakatalia au huwakubalia, lakini ombi la namna hii hajawahi kulisikia. Nikamueleza: waende pamoja, warudi pamoja, wale pamoja, waende chuo pamoja, ila ndani ya darasa kila mmoja ajibu swali lake. Mwanzo nikaambiwa orodha imeshapelekwa. Nikarudi tena, na tena, kwa adabu, na kila mara nikiwa na jambo la maana la kusema, si malalamiko matupu. Mwisho akapatikana mama mwengine ambaye mwanawe alikuwa kwenye orodha ya asubuhi na angependa mchana, kwa sababu ndugu yake mkubwa alikuwa huko na wangerudi wote. Tukabadilishana. Nawashauri wenzangu wenye shida kama yetu: kabla ya kugombana na skuli, tafuteni mzazi mwenzenu ambaye shida yake ni kinyume cha yenu. Karibu kila orodha inaye.

Asubuhi ya kwanza niliwasindikiza mpaka geti. Walishikana mikono kando ya barabara nzima, na pale getini Kurwa hakutaka kuachia. Doto ndiye aliyeutoa mkono wake kwanza, akaenda darasani kwake. Kurwa akanitazama. Nikamwambia, "Wa nyuma ameshajibu honi, mwanangu. Nenda na wewe."

Na honi wamejiwekea zao, sikuwafundisha mimi. Doto akivuta mkono wa nguo ya mwenziwe mara mbili, maana yake "niachie niseme mwenyewe". Niliigundua dukani. Muuzaji ameuliza, Kurwa amefungua kinywa, mara akakifunga. Doto akasema anachotaka, akahesabu chenji, tukatoka. Upo wakati Kurwa husahau. Akivutwa mara ya tatu huudhika, huja juu, na wanagombana njia nzima. Nawaacha.

Mtihani mwengine ulitoka Wete. Mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu na ninampenda, alitutumia salamu kwamba tumpe mmoja amlee. Kwetu mtoto kupelekwa kwa bibi ni heshima na ni msaada, na mwenye kuomba anaomba kwa mapenzi. Kulikataa jambo hilo kwa simu ni utovu wa adabu. Mimi na mume wangu tukapanda boti mpaka Mkoani, tukapanda gari mpaka Wete, tukamkuta anachambua karafuu uani, anatenga na vikonyo. Nikakaa chini nikamsaidia kwanza. Mume wangu akaanza maneno, mimi nikayamalizia: "Mama, tukikupa mmoja tutakuwa tumekupa nusu ya kila mmoja. Tupe ruhusa tukuletee wote wawili kila likizo."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mimi nilidhani nakupunguzieni mzigo. Kama mzigo wenyewe hamtaki kuugawa, nileteeni wote, vyumba vipo." Tangu hapo likizo zao ni za Wete, na bibi yao sasa anaijua hadithi ya vichwa viwili kuliko ninavyoijua mimi. Pemba haina reli, kwa hiyo yeye amewapa mapacha kazi nyingine: wanaletwa kwa jahazi kuvuta karafuu kutoka mashambani mpaka bandarini, na kila usiku anaongeza kilima.

Reli ya kisasa ya bara ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, watoto hawakutupa nafasi ya kupumua. Baadaye tukavuka kwa boti, tukapanda ile wanayoiita mchongoko. Kurwa akaipenda tangu stesheni, kasi yake, ukimya wake, pua yake iliyochongoka. Doto akatembea jukwaani akiangalia mbele na nyuma, akaniuliza kichwa kiko wapi. Nikamuonesha kwamba hakuna kichwa kilichofungwa mbele. Mota zake ni za umeme, zimegawanywa chini ya mabehewa, na dereva mmoja anaziamrisha zote kwa nyaya. Akafikiri. "Kwa hiyo haziambizani kitu?" Haziambizani, nikamwambia, zote zinatii amri moja. Akaangalia dirishani mpaka Morogoro. Usiku akataka hadithi irudi kwenye reli ya Bububu, na Kurwa hakupinga.

Sasa tumeambiwa na skuli yetu jengo la ghorofa linakamilika, zamu zinaondoka, na madarasa yote yatapangwa upya. Wazazi wenzangu wa mapacha wameshaanza kuniuliza nitaomba nini. Nimeshapeleka ombi langu kwa maandishi, mapema, kabla orodha haijapigwa chapa: madarasa yabaki mbalimbali. Safari hii niliwauliza wenyewe kwanza, kila mmoja kwa wakati wake, mwenziwe akiwa hayupo. Kurwa alisema anataka darasa lililo karibu na la Doto. Doto alisema popote pale, mradi akae mstari wa mbele.